Shati la Damu ya Mzee

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mapema, ili tukifika katikati ya habari msije mkaanza kumtafuta mtu mwingine wa kumvisha kofia hiyo. Kofia ni yangu, nimeishona mwenyewe, na inanikaa barabara.

Mnaonifuata tangu mwanzo mnajua wiki jana niliishia wapi. Nimekalia ndoo iliyopinduliwa mbele ya kibanda changu cha ushonaji pale Kirumba. Cherehani yangu nzuri imeondoka na mtu niliyekuwa namwita ndugu. Nimebaki na ile kuukuu inayoruka mishono. Wateja wananipita kama wanapita shimo.

Ndipo akatoka jirani yangu, Teodora wa duka la kutoa kopi, akaniwekea chai na chapati mbili mapajani.

“Kunywa, mume wangu,” akasema. “Cherehani hutafutwa nyingine.”

Mume wangu! Nilikunywa ile chai nikasahau kwamba nimeibiwa.

Sasa wewe uliyeokota gazeti leo, nikueleze jambo moja. Dada yake Teodora, Rebeka, ameolewa na kaka yangu Chenge, na wanaishi Kahama. Kwa hiyo Teodora ni shemeji yangu, na shemeji huku kwetu ni wa kutaniwa mpaka siku ya kufa. Unamwita mke, anakuita mume, watu wanacheka, kila mtu anakwenda kulala kwake.

Miaka mitatu kila asubuhi nilikuwa nafungua kibanda nikipiga kelele, “Mke wangu, mbona hukunipigia pasi suruali?”

Naye kutoka ng'ambo ya uchochoro, “Pasi imekwenda kutafuta mume mwenye suruali!”

Mtaa mzima ukicheka. Mimi nikicheka kuliko wote. Na moyoni, ndugu zangu, nilikuwa sitanii hata kidogo. Tangu mwezi wa tatu wa kumfahamu nilikuwa nimekwisha kazi.

Kwa nini sikumwambia? Nilimwambia! Kila siku nilimwambia. Ila mdomo wangu una kasoro tangu utoto: nikiogopa, unacheka. Nilicheka kwenye mazishi ya baba yangu mpaka shangazi akanizaba kofi mbele ya mchungaji. Basi kila nilipomwambia Teodora “nakupenda, nitakuoa”, meno yote yalikuwa nje.

Tuendelee.

Jumatatu moja akaja kibandani, akaegemea meza ya kukatia.

“Malimi, nina kazi. Nataka nguo za picha za uchumba. Za kufanana, mwanamke na mwanaume. Picha ni Jumamosi ya wiki ijayo.”

Moyo wangu ulianguka, ukadunda, ukarudi mahali pake.

“Hatimaye!” nikasema. “Nilidhani utaniacha nizeeke.”

Akacheka. “Acha mambo yako. Nisindikize kwa Zahabia tukachague kitambaa. Wewe jicho lako ni la fundi.”

Nisindikize, alisema. Mtu mwenye masikio angelishika neno hilo. Mimi masikio yangu siku hiyo yalikuwa mapambo.

Duka la mzee Tayabali mnalijua, lile la vitambaa mjini. Siku hizi mzee anakaa nyuma na kichupa chake cha kuvutia dawa ya pumu. Anayekata kitambaa ni bintiye, Zahabia. Mwanamke huyo akikukunjulia jora moja juu ya meza, unasahau ulichofuata.

“Picha mtapigia wapi?” akauliza.

“Kwenye mawe ya ziwani,” Teodora akajibu. “Nilikuwa nawaza bluu.”

“Bluu ziwani? Hapana, dada. Maji yatameza nguo, mtabaki vichwa viwili vinaelea. Na kijivu usiguse, mtafanana na mawe.”

“Nyeupe je?”

“Nyeupe ni ya harusi. Ukiimaliza leo, siku ya harusi utavaa nini?”

Nikaingilia, maana kitambaa ni kazi yangu. “Damu ya mzee,” nikasema. “Jua la jioni likiipiga rangi hiyo, hata jiwe linaona wivu.”

Zahabia akanitazama kwa heshima. Akashusha jora la satini ya damu ya mzee, akashusha na kitenge chenye maua ya rangi hiyo hiyo juu ya krimu. Tukapanga: gauni la Teodora liwe kitenge, mkanda wake satini. Shati la mwanaume liwe satini, kola na kifua vitiwe kitenge. Hata asiye na macho angejua kwamba hawa wawili ni kitu kimoja.

Zahabia akatushika mabega, akatusimamisha mbele ya kioo kikubwa. Akamrushia Teodora kitenge begani, akanirushia mimi satini.

“Mmependezana,” akasema.

Teodora akaangua kicheko. “Huyu? Huyu ni mume wangu wa mdomoni!”

Nilicheka mpaka nikashika meza. Wa mdomoni! Niliona amenitania vizuri sana.

“Shati mita ngapi?” Zahabia akauliza.

“Ongeza nusu mita,” Teodora akasema. “Mwenzangu ni mpana kama kabati.”

Zahabia akanitazama mimi, nilivyo mwembamba kama ufito wa kuangulia mapapai. Akacheka. Nikacheka. Teodora akacheka. Watu watatu tulicheka, na kila mtu alikuwa na kicheko chake.

Kesho yake Teodora akaniletea karatasi. “Vipimo vya shati hivi hapa. Mwenyewe yuko kazini siku zote, hana nafasi ya kuja.”

Nikaifungua. Kifua inchi arobaini na nne. Tumbo arobaini. Mkono umefuata humo humo.

Mimi kifua changu ni thelathini na sita nikiwa nimevuta pumzi.

Fundi yeyote mwenye akili angeuliza, “Huyu ni nani?” Ninyi mngeuliza. Hata punda wa kubeba maji angesimama akauliza. Mimi nilijigonga paja nikasema, “Mke wangu, naona unataka ninenepe kabla ya harusi!”

“Wewe shona tu, Malimi.”

“Huyo mtu simpimi kwa karatasi. Mwili wake naujua kuliko mama yake.”

“Haya, kama unamjua,” akasema, huku anarudi mbio dukani kwake maana mteja alikuwa anamwita.

Nikaikunja karatasi nikaitia mfuko wa shati langu, upande wa moyo. Nikachukua tepu, nikajipima mwenyewe. Nikakata.

Kumbuka hapo. Nikakata thelathini na sita.

Kitambaa kilichobaki kilikuwa kingi. Nikakitazama, nikapata wazo ambalo siku ile niliona limetoka mbinguni. Nikamshonea mama yangu kilemba.

Maana mama nilikuwa nimeshampigia simu huko Magu. Nilimwambia, “Mama, nimepata. Ni Teodora, mdogo wake Rebeka.” Mama alipiga vigelegele simuni mpaka majirani zake wakaja kuuliza. Akasema, “Mungu amekumbuka kwamba nina mtoto wa pili.”

Na kwa vile sipendi kufanya jambo nusu, nikamwita mjomba Ngosha. Nikaandika barua ya posa kwa mkono wangu, kwa kalamu mpya. Nikamwambia achukue wazee wawili, Jumamosi asubuhi wapande kivuko kwenda Nansio kwa baba yake Teodora. Yaani Teodora akiwa anapigwa picha huku, barua inafika kule. Ashtuke kwa furaha! Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yangu.

Mtu mmoja tu alijaribu kuniokoa. Kaka Chenge alinipigia kutoka Kahama.

“Mdogo wangu, utani wa shemeji nao una mpaka. Umemwambia?”

“Anajua, kaka.”

“Sikukuuliza kama anajua. Nimekuuliza kama umemwambia.”

“Kaka, nguo zenyewe amezileta yeye! Vitambaa tumechagua wote!”

Akasema, “Haya. Ila Rebeka hapa anashangaa.”

Mwache ashangae, nilisema.

Jumamosi saa kumi jioni nikashuka na mama kwenye mawe ya ziwani upande wa Capri Point. Mama amevaa gauni lake la kanisani na kilemba cha damu ya mzee. Mimi nimevaa shati langu. Ndugu zangu, nimeshona mashati tangu nina miaka kumi na saba, lakini lile lilikuwa baba yao. Bega limelala. Kola imesimama. Ile cherehani kuukuu nayo siku hiyo haikuruka hata mshono mmoja, sijui ilinihurumia au ilinicheka.

Gauni la Teodora alilichukua tangu jana yake. Tulimkuta ameshalivaa, amesimama juu ya jiwe, upepo umeshika pindo. Sitamweleza. Nikianza kumweleza nitalia na nafasi ya gazeti itakwisha.

“Shikamoo, mama,” akamwamkia mama yangu. “Kumbe umekuja mjini!”

“Marahaba, mkwe wangu.”

Akacheka. Mama akacheka. Kila mtu anacheka, shwari kabisa.

Akanigeukia. “Malimi! Umechelewa, na umelivaa!”

“Ulitaka nilibebe kichwani?”

“Wewe mwanaume una vituko!” Akashika mbavu.

Mpiga picha, kijana anayeitwa Antoni, mwenye kamera mbili shingoni, akanishika mkono akanivuta. “Mzee, simama hapo karibu naye nipime mwanga. Sogea. Sogea tena. Mwangalie kidogo.”

Nikasogea. Bega langu likagusa bega lake. Damu ya mzee na damu ya mzee. Jua linashuka juu ya maji. Antoni akabofya mara tatu.

Nikamwona mama yangu akijifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Kama ningekufa sekunde ile, ningekuwa marehemu mwenye bahati kuliko wote mkoani.

“Safi,” Antoni akasema, akitazama kioo cha kamera yake. “Mwanga uko sawa. Haya fundi, toka. Bwana mwenyewe yuko wapi?”

Nikacheka. Nilidhani ni utani wa wapiga picha.

Mlango wa gari lililoegeshwa kando ukafunguliwa. Akashuka mwanaume. Mpana kama kabati. Kavaa suruali ya krimu iliyopigwa pasi, viatu vinang'aa, na juu fulana ya ndani tu. Anangoja shati.

“Obedi, njoo!” Teodora akamwita. “Fundi ameleta.”

Obedi huyu, nilikuja kujua baadaye, ni msimamizi wa vizimba vya samaki huko Ilemela. Kila siku anavuta nyavu na magunia ya chakula cha sato. Kifua arobaini na nne. Tumbo arobaini.

Akanipa mkono mkubwa. “Shemeji! Nimekusikia sana. Huyu hapitishi siku bila kunisimulia vituko vyako. Na leo umenipashia shati moto kabisa!”

Akacheka, kwa roho safi. Hilo ndilo lililoniuma: hakuwa na ubaya wowote. Angekuwa mbaya ningepata pa kushika.

“Vua basi, Malimi,” Teodora akasema. “Utani umetosha. Jua linakwenda.”

Mdomo wangu ukacheka wenyewe. “Nivue nini?”

“Shati la watu!”

“Hili ni la kwangu.”

“Malimi, tafadhali. Antoni ana harusi nyingine jioni hii.”

Nikamtazama mama. Mama alikuwa ameacha kujifuta machozi. Khanga imebaki usoni, mkono hauendi wala haurudi.

Nikaanza kufungua vifungo. Vifungo saba. Nilivitia mwenyewe, nikavifunga kwa uzi mara mbili ili visije vikakatika siku ya furaha. Watu wawili waliokuwa wanaoga ng'ambo ya mawe walisimama majini kutazama. Nikabaki kifua wazi, mbavu zinahesabika, mbele ya mama yangu.

Obedi akaingiza mkono wa kwanza. Ukafika kwenye kiwiko ukagoma. Akajaribu kuingiza wa pili. Mgongo ukalia “trrr”.

“Malimi,” Teodora akasema polepole. “Si nilikupa vipimo?”

Nilikuja na karatasi ile, nimeihamishia mfuko wa suruali. Sijui kwa nini nilikuja nayo. Akaiona ncha yake, akaichomoa mwenyewe, akaisoma, akanitazama.

“Arobaini na nne. Imeandikwa. Umeshona ya nani?”

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Mnanisikia? Hapo. Nafasi ilikuwa imefunguliwa kama lango la kanisa. Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni, “Nilidhani atakuwa amekonda.”

Antoni akacheka. Obedi akacheka. Teodora hakucheka.

“Inarekebishika?” akauliza. “Wewe ni fundi. Sema inarekebishika.”

“Inahitaji kitambaa cha kuongeza ubavuni,” nikasema. “Na mgongoni.”

“Nilinunua nusu mita ya ziada. Iko wapi?”

Iko wapi! Macho ni mbwa, huenda yanakotaka. Yakaenda. Teodora akayafuata. Obedi naye akafuata. Antoni naye.

Wote wanne tukawa tunatazama kichwa cha mama yangu.

Mama akasimama pale na kilemba chake. Mwanamke wa miaka sitini na minne, ametoka Magu na basi la asubuhi, amekaa safari nzima bila kuegemea kiti ili asikikunje.

Akapeleka mikono kichwani, akakifungua. Mvi zake zikatoka. Akakikunja mara mbili, vizuri, kama anakunja nguo ya mtoto, akanipa.

“Mshonee mwenzio,” akasema. “Mtu asisimame uchi mbele ya mchumba wake.”

“Mama…”

“Ulisema amekubali.”

“Alicheka, mama.”

“Hata fisi hucheka, mwanangu. Fisi akicheka huwa amekubali nini?”

Nikakaa juu ya jiwe. Fundi hatembei bila sindano na uzi. Nikafumua ubavu wa kulia, nikafumua wa kushoto, nikapasua mgongo. Nikatia vipande vya kilemba cha mama, nikapiga bandi, ile mishono mirefu ya kushikiza, kwa mkono, mbio mbio, mgongo wangu wazi unapigwa na upepo wa ziwa. Mara mbili nilijichoma. Msiulize damu ilikwenda wapi, rangi yenyewe mnaijua.

Obedi alisimama juu yangu ananipa moyo. “Taratibu, shemeji. Na siku ya harusi utanishonea suti. Ila hapo utanipima!”

“Nitakupima,” nikasema. Nilikuwa nafikiria kipimo cha aina nyingine.

Shati likamwingia. Kwa mbele, huwezi kujua. Walipendeza. Ningependa kuwaambia kwamba hawakupendeza, lakini kazi ya mkono wangu siwezi kuikana. Waligeuka huku, wakageuka kule, Obedi akamwinua juu juu, akamshusha. Damu ya mzee juu ya jiwe, na nyuma yao ziwa lote.

“Fundi, nishikie hiki,” Antoni akasema. Akanipa ubao mweupe wa kurudishia mwanga. “Uinue. Mpige nao bibi harusi usoni.”

Basi nikawa pale, kifua wazi, nimeinua ubao, namrushia jua Teodora ili mwanaume mwingine amwone vizuri.

Nikawaza, dunia imekwisha kunikomesha, sasa hata yenyewe imechoka. Nilikosea. Haikuwa imechoka.

Simu ya Teodora ikalia. Ilikuwa juu ya jiwe karibu na mama.

“Ni baba!” Teodora akasema, akainyakua. Mikono ilikuwa na poda, akaiweka sauti ya nje. “Shikamoo, baba!”

“Marahaba, Teo mama!” Sauti ya mzee ilitoka Nansio ikajaa mawe yote. Nyuma yake watu wanacheka, vyombo vinalia. “Wageni wako tunao hapa! Wamefika salama!”

“Wageni gani, baba? Wa Obedi si wanakuja Jumamosi ijayo?”

“Obedi ndiye nani? Nasema wazee wa Magu! Mjomba wake Malimi na wenzake. Wameleta barua, nimeifungua, nimeisoma kwa sauti mbele ya baba zako wadogo. Uliposema una mchumba ukanificha jina, nilikosa usingizi. Kumbe ni Malimi wetu! Mtu wa nyumbani! Chenge amemtunza Rebeka kama yai, mdogo wake nimkatalie kwa lipi?”

“Baba, subiri…”

“Nimeshajibu. Wazee hawawezi kurudi na kivuko bila jibu. Nimesema ndiyo, na mbuzi ameshachinjwa. Mama yako anapiga vigelegele, msikilize!”

Vigelegele vikatoka kwenye simu. Hata mbwa aliyekuwa amelala chini ya gari la Obedi aliinuka.

Simu ikakatika. Mtandao wa kisiwani, unajua wakati wake.

Teodora hakusogea. Obedi akageuza shingo taratibu, na shati likalia mgongoni.

“Malimi si ndiye huyu fundi?” akauliza.

Akamgeukia mchumba wake.

“Teo. Baba yako hajui jina langu?”

“Nilitaka akuone kwanza kwenye picha. Nilitaka…” Akaacha. Akanigeukia mimi. “Umefanya nini?”

Ubao ukashuka mikononi mwangu. Na hapa, ndugu zangu, nawaomba msinihurumie, maana kilichonipanda kifuani hakikuwa aibu. Kilikuwa furaha. Furaha mbaya ya mtu aliyeanguka shimoni akakuta mwenzake naye anaanguka.

“Nimeposa,” nikasema. “Na nimekubaliwa. Umemsikia mzee.”

“Amekubali akidhani nimekubali mimi!”

“Barua imesomwa mbele ya wazee. Mbuzi amechinjwa. Nansio yote leo inajua wewe ni mchumba wa nani. Mvueni huyo shati langu.”

“Malimi!” Hiyo ilikuwa sauti ya mama yangu.

Obedi akapiga hatua moja kuja kwangu. Teodora akamzuia kwa mkono bila kumtazama.

“Mwache. Nataka anieleze. Lini mimi nimekubali kuolewa na wewe?”

“Uliniita mume wako! Miaka mitatu! Mbele ya watu!”

“Na muuza karanga naye ananiita mke wake. Mlinzi wa benki ananiita mke wake. Niwapikie wote?”

“Uliniletea chai.”

“Ulikuwa umeibiwa!”

“Tulichagua kitambaa wote. Zahabia alisema tumependezana.”

“Nami nilimwambia wewe ni nani. Ulikuwepo. Ulicheka mpaka ukashika meza!”

Nilitafuta mfukoni mwa akili nikakuta uzi mtupu. Kilikuwa kimebaki kitu kimoja tu, kile nilichokibeba miaka mitatu. Nikaweka ubao chini. Nikamsogelea mpaka hatua mbili. Sijawahi kuogopa vile, hata siku ya kaburi la baba.

“Nakupenda, Teodora,” nikasema. “Si utani. Nakupenda kweli kweli, tangu siku nyingi. Leo nakuambia kwa kinywa changu, mbele ya mama yangu.”

Alinitazama usoni. Macho yakashuka kutoka kwenye macho yangu, yakafika mdomoni, yakakaa hapo. Nikaona uso wake unabadilika. Kwanza nikadhani ni huruma.

“Miaka mitatu, Malimi,” akasema. “Nitajie siku moja, moja tu, uliyoniambia neno hilo ukiwa umefunga meno. Hata sasa hivi unacheka.”